Jina la Tatu

Kazi yangu ni kuuliza mashine kwa nini haikufanya ilichoambiwa. Watu wakisikia nashughulika na kompyuta wananiletea simu zilizopasuka kioo, nami nimechoka kueleza. Natunza mifumo ya wanachama. Ofisi yetu ni chumba kimoja mjini, mtaa wa Area D, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wetu ni vyama: walimu wastaafu, kwaya, madereva wa bajaji, wafuga nyuki. Chama kikishakuwa kikubwa, katibu hawezi tena kumpigia kila mtu simu. Hapo ndipo wanapotujia, tukawatengenezea sajili na kuupangia mfumo hatua za kufuata wenyewe: tuma meseji hii, subiri jibu, likija fanya hivi, lisipokuja fanya vile. Mambo yakienda vizuri hakuna anayenikumbuka. Yakikwama, simu yangu haipumziki.

Msimu ule yalikwama kwa ushirika wa wakulima wa zabibu.

Kiwanda hakipokei zabibu za watu wote kwa mpigo, kwa hiyo ushirika hugawa siku. Kila mwanachama ana siku yake ya kupeleka. Asiyelima zabibu anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini zabibu ikishaiva haisubiri mtu. Mvua ya Machi ikiikuta bado mtini inapasuka, nyuki wanaingia, na ikishapasuka, pale mapokezi hawaitaki hata uwabembeleze. Kukosa siku ni kukosa mwaka.

Zamani siku zilipangwa na kamati, na maneno yalikuwa mengi: eti ndugu wa fulani wanatangulia, eti shemeji wa fulani hajawahi kupewa siku ya mvua. Ndiyo maana walinunua mfumo. Walitaka mashine ipange, mkono wa mtu usiguse. Tena msimu ule wakaongeza sharti moja, na walikuwa na sababu, kwa kuwa msimu uliotangulia mtu mmoja alikuwa amejibu kwa simu ya marehemu kaka yake na kuchukua siku ya marehemu. Sharti lenyewe ni kwamba mwanachama akipata meseji, ajibu kwa kuandika majina yake matatu kama yalivyo kwenye sajili. Yakilingana, mfumo unampa siku. Yasipolingana, unamwomba arudie. Akishindwa tena, siku yake inakwenda kwa anayefuata.

Nililijaribu jambo hilo kwa simu yangu, likaenda vizuri. Nikajipongeza kimoyomoyo na kwenda kunywa chai.

Katibu wa ushirika alipopiga alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, jinsi anavyofanya anapokuwa na habari mbaya. Alisema kuna wanachama wengi hawapati siku. Wanajibu, mfumo unawakatalia, na wengine tayari siku zao zimekwenda kwa watu wengine. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa kusini, na watu wameanza kuja ofisini kwake wakiwa wamekunja uso.

Nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa kwenda mahali. Nilianza kwa kuwalaumu watu wa mtandao wa simu, kwa kuwa ndio rahisi kulaumu, nikakuta meseji zinafika. Nikadhani ni herufi kubwa na ndogo, nikaulegeza mfumo usijali herufi. Nikadhani ni nafasi kati ya majina, nikaulegeza usijali nafasi. Nikadhani ni makosa ya kuandika, maana vidole vya mkulima na vitufe vya simu ndogo havipatani, nikauambia ukubali jina lililokosewa kidogo. Kila nilipolegeza, wanaume wachache walipita. Waliobaki hawakupungua tena, na nilipoyatazama majina yao kwenye skrini nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema. Wote walikuwa wanawake.

Nilimpigia katibu kumweleza. Akacheka kidogo, akasema, ah, akina mama na simu, unajua tena. Nikamwuliza hela ya matumizi ya nyumbani huwa anamtumia nani, na huyo mtu huwa anaipokea kwa njia gani. Akakiri ni mkewe, kwa simu. Akasema basi tutafute sababu nyingine.

Sababu ningeweza kuiona kama ningesoma majibu yenyewe, ila mfumo haukuyatunza. Jibu likikataliwa, uliandika "hayalingani" na kulitupa. Tuliupanga hivyo ili usijae takataka. Kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kwenda kwa mtu. Nikachagua mmoja kati ya wale waliokwisha kupoteza siku, mama mmoja wa kijiji cha Mkonze, nikakodi bajaji.

Alikuwa mjane, umri wa mama yangu, na shamba lake lilianza pale uwanja wa nyumba ulipoishia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti yangu, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za safari, zote kwa utaratibu, wakati mimi laptopu iko begani na maswali yako kooni. Ndipo akanipeleka shambani. Mizabibu ilikuwa imetandazwa juu ya waya, na vishada vimening'inia vyeusi, vimeiva hadi vinanata mkononi. Alinikatia kimoja akanipa. Kilikuwa kitamu mno. Akaniambia hilo ndilo baya lake, kikishakuwa kitamu hivyo hakina siku nyingi tena.

Alinieleza hali yake bila kulalamika. Watoto wako mbali na wana ya kwao. Mtama wake mwaka ule ulikauka ukiwa mdogo. Hizi zabibu ndizo chakula, ndizo bati la jiko lililong'olewa na upepo, ndizo dawa za presha. Alikuwa amepewa siku, akaipoteza, na hakuelewa kwa nini, maana yeye alijibu.

Nikamwomba anioneshe. Akanipa simu yake, ya vitufe, imefungwa raba kuzuia betri isidondoke. Kwenye meseji alizotuma nikakuta jina lake, jina la marehemu mumewe, kisha maneno haya: "na la mzee". Mara ya pili, baada ya mfumo kumkatalia, alikuwa ameandika vilevile, akaongeza neno "samahani".

Nilipumua kwa furaha, maana tatizo lilikuwa dogo. Nikamwambia kwa haraka yangu ile ya kila siku kwamba hapo mwisho anatakiwa kuandika jina lenyewe, mashine haijui mzee ni nani. Alinitazama kwa mshangao wa upole, jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyetoa neno baya mbele ya wageni.

"Ni mkwe wangu," alisema.

"Najua, mama. Lakini si amefariki?"

"Amefariki."

"Basi hasikii."

"Yeye hasikii. Mimi nasikia."

Nikamrudishia simu yake. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Mimi ni Mrangi, nimekulia Kondoa, na mama yangu mzazi hajawahi kulitamka jina la babu yangu mzaa baba, mkwe wake, si mbele yake wala nyuma yake. Kijijini kulikuwa na mwenye duka mwenye jina hilohilo, na mama alimwita "yule wa chumvi" maisha yake yote. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kumwita. Nilijua, ila nilikuwa nimeliacha jambo hilo nyumbani kama unavyoacha vyombo vya mama jikoni kwake, sikuwahi kudhani kwamba litanifuata mpaka ndani ya kompyuta. Siku ya kuandikisha wanachama, waliotaja majina yale matatu walikuwa wanaume wa nyumba, au yalinakiliwa tu kutoka kwenye kitambulisho. Mwanamke aliolewa, akabeba jina la mumewe na la baba wa mumewe, akayabeba kimya miaka yote. Hakuna aliyemwambia ayaseme, mpaka tulipokuja sisi na mfumo wetu.

Nilimwuliza, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini asimwombe jirani amwandikie. Akasema jirani ataliandika, lakini kitufe cha kutuma atabonyeza nani? Simu ni yake.

Kisha akanieleza habari za mzee mwenyewe. Alipoolewa, mumewe alikwenda kutafuta kazi machimboni na kukaa huko muda mrefu. Mkwe ndiye aliyesimama naye shambani, akachimba mashimo ya nguzo upande ule na yeye upande huu, wakapanda miche ya kwanza, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake kama adabu inavyotaka, wakitumiana maneno kupitia kwa bibi, mke wa mzee. Na mume alipofariki, na ndugu wa mume walipoanza kulipima shamba kwa macho, mzee aliwaita wote, akasema mbele yao kwamba hili shamba ni la huyu mwanamke, atakayeligusa atakuwa amemgusa yeye.

"Mtu kanifanyia hayo," alisema, "leo nimtaje kama naita mbuzi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Akaunti yangu ilikuwa na uwezo wa kumwingiza kwa kubonyeza mara moja tu, akapata siku, akauza zabibu zake, nami nikarudi zangu mjini. Vidole vilikuwa vinaniwasha. Lakini huo ndio mkono ambao wanachama walikuwa wamekataa usiguse, na kama ningeutumia kwa mama huyu kwa sababu nilimwonea huruma, wale wengine ambao sijala zabibu zao nani angewaonea? Nilimwambia ukweli wote huo. Akakubali kwa kichwa, akasema na wenzake wasiachwe. Wakati huo upepo ulikuwa umeshaanza kunuka mvua.

Asubuhi yake nilikuwa mbele ya kamati. Mwenyekiti wa ushirika ni mzee wa Kigogo, msomi wa zamani, mwenye kusimamia taratibu mpaka zinachoka. Nilieleza kila kitu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema jina la tatu ndilo jina la ukoo, tukiliondoa tutarudi kulekule kwa watu wanaojibu kwa simu za marehemu. Kuhusu akina mama, alisema, wasaidiwe na wajukuu. Haikuwa roho mbaya. Alikuwa na wanachama wa kuwalinda, na aliona mimi nataka kubomoa ukuta aliojenga kwa taabu.

Hapo hasira yangu ya karibu ikanisaidia kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Mwenyekiti," nilisema, "naomba unitajie majina matatu ya mama mkwe wako."

Wajumbe walicheka. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha, na kila mtu akawa anamtazama mwenyekiti. Yeye akatazama dirishani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikamwambia hata la kwanza pekee linatosha.

"Binti," alisema hatimaye, "usinitafutie laana asubuhi yote hii."

Katibu alikuwa ameinamia makaratasi yake kwa bidii, nadhani akiogopa zamu yake inafuata. Sikumwuliza. Mwenyekiti akawa anagonga meza kwa kidole, akili yake ikitembea mahali ambapo sikuweza kuifuata. Kisha akasema neno moja, badilisha.

Swali likawa tuulize nini badala yake. Mjumbe mmoja akataja namba ya kitambulisho, tukamwomba aitaje ya kwake bila kutazama, akajiondoa mwenyewe. Nikasema tuwaulize akina mama walioolewa jina la baba yao mzazi. Hilo halina mwiko. Ni jina lao, walizaliwa nalo, na mtu wa kuokota simu ya marehemu hawezi kulibahatisha. Mwenyekiti akasema wazo ni zuri ila majina hayo hatunayo kwenye sajili. Nikasema nitawaomba wenyewe, mmoja mmoja, kwa simu, na katibu akae pembeni ashuhudie. Na wote waliopoteza siku warudishwe kwenye foleni. Wakakubali.

Nilipiga simu mpaka sikio likapata moto. Wengi walijibu mara moja, kwa sauti iliyochangamka kuliko nilivyotegemea. Mmoja aliniuliza kama nataka kupeleka posa kwao. Mwingine alinitajia baba, babu na mama wa babu, na nilipomwambia jina moja linatosha akasema niandike tu yote, nafasi haitajaa. Katibu aliacha kuandika akawa anasikiliza. Kuna wakati alisema, kama anajisemea, kwamba hajui mama yake mzazi ni binti wa nani kwa jina kamili. Akatoka nje kupiga simu yake.

Mama wa Mkonze nilimpigia mwisho, nadhani kwa kuwa nilikuwa namwogopa kidogo. Nilipouliza, nilidhani mtandao umekatika. Nikaita, haloo, haloo. Kisha akalisema. Alilisema taratibu, jina lote, na jina la baba wa huyo baba. Akasema alikuwa mtu wa Haneti, mkulima wa mtama na karanga, mrefu, asiyependa kelele, na siku anaolewa alimsindikiza mpaka nje ya kijiji, akasimama pale asiage. Alifariki yeye akiwa na mimba ya kwanza.

"Huku hakuna anayemjua," alisema. "Tangu niolewe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi ni wa nani."

Niliandika. Nilimsomea herufi kwa herufi kuhakikisha sijakosea, akaniomba nisome tena, nikasoma. Baada ya kukata simu nililia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimemkumbuka mama yangu, ambaye na yeye ni binti wa mtu.

Nilibadilisha hatua za mfumo siku hiyohiyo. Nilizijaribu kwa simu yangu, na kwa simu ya katibu, na safari hii pia kwa simu ya mke wa katibu, kisha nikaufungulia. Majibu yalianza kuingia kama mvua ya mawe juu ya bati. Yanalingana, yanalingana, yanalingana. La mama wa Mkonze lilikuwa kati ya yale ya kwanza. Mfumo ukampa siku.

Natamani niseme kwamba mvua ilisubiri. Haikusubiri. Ilinyesha kabla ya siku yake, mvua ya jioni moja tu, ya upepo, na sehemu ya shamba lake iliyo wazi upande wa barabara ilipasuka karibu yote. Nilipompigia kumpa pole alikuwa tayari anachambua zilizopona. Alisema zimebaki za kutosha kuitwa mavuno. Bati itabidi lisubiri, lakini dawa na chakula vipo.

Siku yake ilipofika nilikwenda kituo cha mapokezi. Nilimwambia katibu naenda kukagua vishkwambi vya wapimaji, naye akajifanya ameamini. Kulikuwa na foleni ya watu waliokaa juu ya kreti zao kwenye kivuli cha ukuta, nyuki wakizunguka, na mpimaji amesimama karibu na mzani akiita majina kutoka kwenye kishkwambi. Jina analoliona pale ni lile ambalo mwanachama amethibitisha. Hilo sikuwa nimelifikiria kabla. Nililigundua nikiwa nimesimama pale, mikono mifukoni.

Mama alikuwa amevaa gauni la kwendea kanisani na kitenge kipya kiunoni. Amekaa juu ya kreti yake ya mwisho, mgongo umenyooka. Mpimaji akamaliza na mzee aliyetangulia, akatelezesha kidole, akaita. Jina lake, kisha jina la mtu wa Haneti, kisha la baba wa mtu huyo. Hakuinuka. Mpimaji akatazama huku na huku, akaita tena kwa sauti zaidi. Watu wa Mkonze wakaulizana ni nani huyo, mbona hawamfahamu.

Nikadhani hajatambua kwamba ni yeye, nikamwendea haraka kabla hajarukwa, nikainama sikioni mwake nikamwambia mama, ni wewe unaitwa.

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mpimaji, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

"Najua ni mimi," alisema. "Mwache aite tena."

Mpimaji akaita mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka watu wa upande wa pili wa ukuta wakageuka. Ndipo akasimama, akakaza kitenge chake, akaitika, akasogea na zabibu zake mzanini.